TAARIFA YA TAWI: Kituo cha data cha Olkaria na bili yetu ya stima



Kwa wiki kadhaa sasa wanachama wametuuliza swali moja kwa njia nyingi: chama kina msimamo gani kuhusu kile kituo kikubwa cha data kilichotangazwa kujengwa Olkaria? Vijana wanauliza kama kuna kazi. Akina mama wauza samaki wanauliza kama friji zao zitazimika. Wafanyakazi wa mashamba ya maua wanauliza kuhusu maji ya ziwa. Kamati ya tawi imekaa, imesoma na kupiga hesabu, na leo tunatoa jibu. Taarifa ni ndefu kidogo. Tunaomba muisome mpaka mwisho kabla ya kuisambaza.

Kwa kifupi: hatupingi kituo. Tunapinga kituo kuletwa kwa mkataba ambao mwananchi hajauona. Kituo kile kile kinaweza kutupunguzia bili ya stima au kutuongezea, na tofauti yote iko kwenye maandishi ya mkataba.

*1. Kilichotangazwa*

Mwezi Mei 2024, Rais William Ruto akiwa katika ziara ya kiserikali nchini Marekani, kampuni ya Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa uwekezaji wa dola bilioni 1 nchini Kenya. Sehemu kubwa ya mpango huo ni kituo cha data Olkaria kitakachotumia umeme wa jotoardhi. Kingeanza na megawati 100, kisha kiweze kukua hadi megawati 1,000.

Ratiba za miradi mikubwa husogea, na wawekezaji hubadilika. Hoja yetu haitegemei jina la kampuni. Awe huyu au mwingine, maadamu Olkaria ina mvuke na dunia ina njaa ya umeme wa kompyuta, mlango wetu utabishwa. Afadhali tujue tutakachomwambia mgeni kabla hajaketi.

Kwa wanachama ambao hawajawahi kuona kituo cha data: ni ghala lililojaa kompyuta zinazoitwa seva. Picha unayomtumia shangazi yako, video unayotazama, rekodi za benki, vyote huhifadhiwa na kushughulikiwa ndani ya maghala kama hayo. Siku hizi kuna pia akili unde, ambayo kuifundisha na kuitumia kunahitaji kompyuta maalumu zinazokula umeme mwingi kuliko zile za zamani. Kompyuta hizo hutoa joto, kwa hiyo unatumika umeme mwingine kuzipoza. Na hazina usiku wala Jumapili.

Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data duniani vilitumia takriban yuniti bilioni 415 za umeme. Kenya nzima, na viwanda vyetu, hoteli, hospitali, shule na nyumba, huzalisha na kununua takriban yuniti bilioni 14 kwa mwaka. Yaani maghala ya kompyuta ya dunia tayari yanakula kama Kenya 29 hivi. Shirika hilo hilo linatarajia matumizi yafike takriban yuniti bilioni 945 ifikapo mwaka 2030. Ndiyo maana kampuni hizi zinatafuta umeme kila pembe ya dunia. Mwaka 2024 Microsoft ilitia saini mkataba wa miaka 20 nchini Marekani ili mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island uliokuwa umefungwa urudishwe kazini. Mtu anayefufua mtambo wa nyuklia hatashindwa kuuona moshi mweupe wa Olkaria.

*2. Hesabu ya megawati 100*

Tumeipiga hesabu hii mezani pa ofisi ya tawi, na kila mwanachama anaweza kuirudia kwa kikokotoo cha simu.

Megawati 100 zikitumika kwa nguvu zote saa 24 kwa siku 365 ni yuniti milioni 876 kwa mwaka. Nyumba yenye matumizi madogo, ile inayolipa bei ya chini kabisa, haivuki yuniti 30 kwa mwezi, yaani 360 kwa mwaka. Gawanyeni. Hatua ya kwanza peke yake ingekula umeme wa nyumba kama hizo zaidi ya milioni 2.4.

Kikifika megawati 1,000, hesabu inakuwa yuniti bilioni 8.76. Hiyo ni zaidi ya nusu ya umeme wote wa Kenya kwa sasa. Mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981. Tangu siku hiyo hadi leo, mitambo yote ya jotoardhi nchini kwa pamoja inakaribia megawati 1,000. Mgeni mmoja angeomba kiasi ambacho nchi imejenga kwa zaidi ya miaka 40.

Wakati huo huo, takriban Mkenya mmoja kati ya wanne bado hana stima nyumbani.

*3. Saa tisa usiku na saa mbili usiku*

Hapa ndipo kiini cha msimamo wetu kilipo, kwa hiyo tunaomba mtusome polepole.

Saa tisa usiku Kenya imelala. Matumizi yanashuka sana, lakini mvuke wa Olkaria haulali. Kisima hakifungwi kama mfereji wa jikoni. Kwa hiyo usiku mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Isitoshe, mikataba mingi ya umeme hulipa mzalishaji kwa kuwa tayari, hata kama hatujachukua umeme wake. Gharama hiyo haipungui tukizima taa. Inagawanywa kwenye yuniti chache tulizotumia, na kila yuniti inakuwa ghali.

Mteja anayenunua umeme wa saa tisa usiku kila siku ya mwaka ni baraka kwa daftari kama hilo. Gharama ile ile inagawanywa kwa yuniti nyingi zaidi, na bei ya kila yuniti inaweza kushuka. Wanaounga mkono kituo wana haki kwenye hoja hii, na tunaikubali.

Lakini kituo hicho hicho kinataka umeme saa mbili usiku pia. Saa hiyo jua limezama na paneli za sola zimekwisha kazi. Kila nyumba imewasha taa, runinga na jiko la umeme kwa wenye nalo. Mwaka 2025 kilele cha matumizi ya nchi kilivuka megawati 2,300. Ili kufikia kilele hicho nchi hutumia kila kilichopo: jotoardhi, mabwawa, upepo, umeme unaonunuliwa Ethiopia, na mwisho mitambo inayochoma mafuta kama ile ya Kipevu, Mombasa.

Mitambo ya mafuta ndiyo inayotuumiza. Gharama ya mafuta hayo huwekwa kwenye bili zetu kila mwezi, na hulipwa na kila mtu kwa kila yuniti. Sasa fikirieni megawati 100 za mvuke wa bei nafuu zimekwisha kuahidiwa mgeni, naye anazichukua saa mbili usiku. Pengo litazibwa na nini? Litazibwa na mafuta, au kwa kuzima baadhi ya mitaa. Mgeni atalipia mvuke wa bei aliyoandikiwa, na sisi tutalipia dizeli. Kinyozi wa Karagita atakuwa anamlipia mwenye seva bila kujua.

Kwa hiyo swali la kuuliza serikali ni hili: kituo kitatumia mvuke upi, na saa ngapi?

*4. Waliotutangulia*

Hatuhitaji kubahatisha. Nchi nyingine zimeshapita njia hii.

Ireland ilifungua milango kwa vituo vya data kwa furaha. Mwaka 2015 vilitumia 5% ya umeme wa nchi ile. Mwaka 2023 vilifika 21%, vikazipita nyumba zote za mijini kwa pamoja. Wasimamizi wa umeme walilazimika kuweka masharti makali, na maombi mapya ya kuunganishwa eneo la Dublin yakakwama. Ireland ni nchi tajiri yenye gridi imara kuliko yetu, na bado ilishikwa na kizunguzungu.

Mashariki mwa Marekani kuna gridi inayoitwa PJM, inayohudumia majimbo 13 na mji mkuu wa Washington. Kila mwaka hufanya mnada wa kulipia mitambo itakayokuwa tayari siku za usoni. Katika mnada wa Julai 2024 bei ilipanda kutoka dola 28.92 hadi dola 269.92 kwa megawati kwa siku, zaidi ya mara 9. Sababu zilikuwa kadhaa, ikiwemo kuzimwa kwa mitambo ya zamani, lakini mahitaji ya vituo vya data yalikuwa miongoni mwa zile kubwa. Gharama ile iliingia kwenye bili za watu wa kawaida, wakiwemo wasiojua kituo cha data ni nini.

Wenzetu hao walianza kuuliza maswali baada ya bili kufika. Sisi tuna nafasi ya kuuliza kabla.

*5. Kuhusu kazi*

Vijana wetu, tunawaambia ukweli. Wakati wa ujenzi kituo cha data huajiri watu wengi: waashi, mafundi wa chuma, mafundi umeme, madereva, wapishi wa vibandani. Ujenzi ukiisha, kazi hupungua sana. Seva hazihitaji umati kama shamba la maua au kiwanda cha nguo. Zinahitaji mafundi wachache wenye ujuzi, walinzi na wasafishaji.

Hii haimaanishi tukatae. Inamaanisha tusiuze mvuke wa miaka 30 kwa ahadi ya kazi za miaka 2. Tukitaka vijana wa Maiella, Mai Mahiu na Hells Gate wawe miongoni mwa wale mafundi wachache, mafunzo yaandikwe kwenye mkataba kwa idadi na kwa mwaka, yaanze kabla jengo halijaezekwa.

*6. Wenyeji wa mvuke*

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Olkaria tunajua pia upande wa pili wa methali hiyo. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV na kupelekwa makazi mapya yanayoitwa RAPland. Zilipeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliofadhili mradi, na ikabidi yafanyike mazungumzo ya usuluhishi. Stima iliyotokana na mvuke huo ilikuwa inawaka nchi nzima wakati wenyewe wanabishania nyumba, barabara na hatimiliki.

Sheria ya Nishati ya 2019 inasema mzalishaji wa jotoardhi alipe mrabaha: kati ya 1% na 2.5% ya thamani ya nishati hiyo katika miaka 10 ya kwanza, kisha kati ya 2% na 5%. Mrabaha huo unagawanywa hivi: 75% serikali ya kitaifa, 20% serikali ya kaunti, na 5% jamii ya eneo husika.

Tuiweke kwenye shilingi. Mvuke wenye thamani ya shilingi 1,000, ukitozwa mrabaha wa 2.5%, unatoa shilingi 25. Nakuru inapata shilingi 5. Jamii inapata shilingi 1 na senti 25. Ni kidogo, na ni haki yetu kisheria. Lakini angalieni mtego: kadiri thamani ya mvuke inavyoandikwa chini, ndivyo shilingi 1.25 inavyozidi kupungua. Anayeficha bei anaficha pia mgao wa mwenyeji.

*7. Tunachodai*

Kamati ya tawi imekubaliana madai saba, na tutayapeleka ngazi za juu za chama yakiwa hivi yalivyo:

(i) Mkataba wa kuuza umeme uchapishwe kabla ya kutiwa saini: bei ya yuniti, miaka, sarafu, na malipo ya lazima hata kituo kisipotumia umeme.

(ii) Mvuke mpya. Kituo kisiunganishwe mpaka megawati mpya za kukitosha ziwe zimechimbwa na kuingia kwenye gridi. Mvuke uliopo leo una wenyewe tayari.

(iii) Kati ya saa moja na saa nne usiku kituo kipunguze matumizi au kitumie betri zake chenyewe. Apewe bei nzuri ya saa tisa usiku, hatuna ubishi.

(iv) Nyaya, nguzo na vituo vya kupozea umeme vinavyojengwa kwa ajili yake alipie mwenyewe. Visiingizwe kwenye bei ya stima ya wananchi.

(v) Maji. Itangazwe mitambo itapozwa kwa njia gani, kwa lita ngapi kwa siku na kutoka wapi. Ziwa Naivasha lina wavuvi, wafugaji, mashamba ya maua, wanyama na mji mzima unaoongezeka. Zipo njia za kupoza zinazotumia maji kidogo, na mkataba uzitaje.

(vi) Hesabu ya mrabaha itolewe hadharani kila mwaka, na fungu la jamii lionekane limeingia wapi na limefanya nini. Boma lililo karibu na mabomba ya mvuke lisiendelee kuwasha koroboi.

(vii) Idadi ya vijana wa hapa watakaofunzwa na kuajiriwa iandikwe, pamoja na adhabu isipotimizwa.

Kuna mwanachama aliyetuambia kwamba masharti yakiwa mengi, mwekezaji atakwenda nchi nyingine. Tumelipima wazo hilo. Umeme usiochoma mafuta, unaopatikana mchana na usiku, mvua ipo au haipo, ni bidhaa adimu sana duniani. Upepo hauko hivyo, jua haliko hivyo, hata bwawa hukauka. Mwenye bidhaa adimu haendi sokoni akiwa ameinamisha kichwa. Mwekezaji wa kweli ana wahasibu wake, na anajua kwamba mkataba ulio wazi hauvunjwi kila serikali inapobadilika. Anayekimbia kwa kuwa ameombwa aonyeshe bei, afadhali akimbie mapema.

*8. Tutakachofanya*

Madai bila kazi ni kelele. Kwa hiyo:

Kwanza, tutaandika ombi rasmi la taarifa kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Tutahesabu siku hizo na kuwatangazia hapa hapa, ikijibiwa au isipojibiwa.

Pili, tutampelekea mbunge na wawakilishi wa wadi nakala ya madai haya. Katiba, kifungu cha 71, inaweka nafasi ya Bunge kuidhinisha mikataba ya maliasili. Tutawauliza kwa maandishi kama mkataba wa aina hii utafika mbele ya Bunge, na tutataka jibu kwa maandishi.

Tatu, bei za umeme hupitiwa upya kila miaka 3, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Vikao hivyo mara nyingi hujaa mawakili wa kampuni, huku viti vya wananchi vikibaki vitupu. Safari hii tawi letu litakuwa ndani, na litakuwa na karatasi.

Nne, hapa ndipo tunapowahitaji ninyi. Kila mwanachama atutumie ujumbe wa tokeni wa miezi 6 iliyopita, au picha ya bili kwa wale wa bili. Futeni kwanza namba ya mita na namba ya tokeni. Tunachotaka ni tarehe, pesa mliyolipa, yuniti mlizopata na makato. Mwenye kinu cha posho, mwenye saluni, mwenye friji ya samaki, mchomeleaji, nyinyi hasa. Pia andikeni siku ambazo stima ilipotea na saa iliporudi. Tutavijumlisha kwenye daftari moja la tawi. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi ya wiki ijayo, jioni.

Tukiingia kwenye kikao tukisema maisha ni magumu, tutaambiwa asante kwa maoni yenu. Tukiingia na jedwali la nyumba 200 za Naivasha, mwezi kwa mwezi, shilingi kwa yuniti, atakayetupinga itabidi alete jedwali lake.

Mwisho, tunawaomba msisambaze jumbe zisizo na ukweli. Kuna ujumbe unaozunguka kwamba mji utazimwa stima kabisa siku kituo kikifunguliwa. Si kweli, na uongo kama huo huwapa wakubwa sababu ya kutupuuza hata tunaposema kweli. Ukweli uliopo unatosha.

Mvuke huu ulikuwa chini ya miguu ya babu zetu kabla ya kampuni yoyote kusajiliwa, na tunataka wajukuu wetu waukute bado una faida kwao. Mali bila daftari huisha bila habari. Basi tufungue daftari sasa, kabla ya saini.

Tunasubiri tokeni zenu.

Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Naivasha